Jalada la boma: namna ya kulitafuta, kulisoma na kulitilia shaka

Swali linalowakwamisha watu wengi kwenye chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa ni hili: "Mna nini kuhusu Wapare?" Au: "Naomba jalada la ukoo wetu." Mtunza nyaraka hujibu kwa kuuliza boma gani, yaani ofisi ya wilaya ipi, na miaka ipi, na mtu aliyetoka mbali kwa nauli yake huona anazungushwa. Hazungushwi. Karatasi za serikali ya kikoloni hazikupangwa kwa kabila wala kwa ukoo. Zilipangwa kwa ofisi iliyozitunza, na zimebaki hivyo hadi leo. Kabla hujafungua orodha yoyote, jua kwanza nani alikalia kiti gani mwaka huo, na akiandika barua ilikwenda kwa nani.

Tuchukue mgogoro wa malisho katika Tanganyika ya Waingereza, miaka ya 1930. Chifu analeta malalamiko bomani. D.C., mkuu wa wilaya, anamwandikia P.C., mkuu wa jimbo. Karani anaingiza karatasi mbili tatu kwenye taipu, kaboni katikati: ya juu inakwenda jimboni, nakala nyepesi inabaki kwenye jalada la wilaya. P.C. akiona jambo zito anamwandikia Chief Secretary, katibu mkuu wa serikali, Dar es Salaam, ambako ofisi yake, Sekretarieti, ina jalada lake lenye namba nyingine kabisa. Likigusa fedha, sheria au sifa ya serikali, Gavana analipandisha hadi Colonial Office, wizara ya makoloni, London. Shauri moja, majalada manne, na leo yako katika nchi mbili.

Mnyororo huo ndio wa kushikilia. Mchwa wakila jalada la wilaya, barua ile ile inaweza kuwapo jimboni. Jalada la jimbo likikosekana, Sekretarieti huwa ilinukuu maneno yake kwenye madokezo, yaani maoni ambayo maofisa waliandikiana ndani ya jalada. Nairobi jengo la Sekretarieti liliungua mwaka 1939, na sehemu kubwa ya karatasi za makao makuu ikateketea. Ndiyo maana anayetafiti Kenya ya kabla ya hapo huishi kwa majalada ya ma-D.C. na ma-P.C. yaliyoko Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, pamoja na yale yaliyokwishapelekwa London. Kwa Tanganyika kumbuka kwamba majimbo yalianza 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Kabla ya hapo wilaya iliandika moja kwa moja Dar es Salaam, hivyo usipoteze siku kutafuta jalada la jimbo la mwaka 1922.

Nairobi, namba ya jalada yenyewe inakuambia lilitoka wapi: DC/MKS ni mkuu wa wilaya Machakos, DC/KSM ni Kisumu, PC/COAST ni mkuu wa mkoa wa Pwani. Taarifa nyingi za mikoa na wilaya za Kenya zilipigwa mikrofilamu katika miaka ya 1960 kwa mpango wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwa hiyo Mkenya aliyeko huko anaweza kuzisoma bila kupanda ndege.

Kwa London, jengo ni National Archives, Kew, na mifululizo inafuata wizara iliyotawala wakati huo. Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ilikuwa chini ya Foreign Office, wizara ya mambo ya nje, hadi 1 Aprili 1905, kwa hiyo barua za kabla ya hapo ziko mfululizo wa FO 2. Baada ya hapo Kenya ni CO 533, Uganda CO 536, Tanganyika CO 691, Zanzibar CO 618 (kuanzia 1913 tu), na mambo ya kanda nzima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ni CO 822. Kadi ya msomaji hailipiwi, na kupiga picha kwa kamera yako mwenyewe hakulipiwi. Kwenye rejista za barua utakutana na mhuri unaosema barua fulani iliteketezwa kwa mujibu wa sheria. Hata hapo usikate tamaa: rejista imeshakupa tarehe, mwandishi na mada, na kwa hayo matatu unaweza kurudi Dar es Salaam au Nairobi kutafuta nakala ya kaboni.

Ila fahamu kinachopanda na kisichopanda. London ilipelekewa matatizo na hesabu. Nani aligombana na nani juu ya mfereji, nani alitozwa faini ya mbuzi wangapi, soko lilihamishwa kwa nini, hayo yalibaki bomani. Wapo wasomi walioandika historia ya wilaya nzima kutoka Kew, na inaonekana: vitabu vyao vimejaa magavana.

Sasa tulifungue jalada lenyewe. Gamba la karatasi ngumu limeandikwa namba na kichwa cha habari. Ndani, karatasi zimetobolewa kona ya juu kushoto na kufungwa kwa kamba fupi yenye vyuma viwili nchani. Kila barua ina namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, kona ya juu kulia, mara nyingi kwa wino mwekundu. Anza na folio ya 1, hata kama iliyo juu ni ya mwisho na ndiyo inayovutia macho. Kando na barua kuna karatasi za madokezo, na hapo ndipo wageni wanapokosea: wanasoma barua, madokezo wanayaruka kwa sababu ni ya mkono na hayasomeki vizuri. Barua ni uso uliopakwa poda. Kwenye madokezo maofisa wanabishana: mmoja anasema dai la wananchi ni la haki, mwingine anauliza litagharimu kiasi gani, wa tatu anakata shauri kwa sentensi moja, kisha inaandikwa barua ya upole ambayo haionyeshi lolote kati ya hayo. Dokezo linalotaja "14" linakurudisha folio ya 14, kwa hiyo soma huku unafunua mbele na nyuma.

Vifupisho vya masjala si vingi, na waliofanya kazi serikalini wanavijua maana vingine vingali vinatumika. P.A. ni amri ya kulirudisha jalada kabatini. B.U. yenye tarehe ni amri kwa karani alilete tena siku hiyo. K.I.V. maana yake jambo liangaliwe bila hatua kuchukuliwa, na kwa kawaida hapo ndipo maombi ya watu yalipofia. D.O. ina maana mbili. Ikiwa karibu na sahihi ni cheo cha afisa wa wilaya. Ikiwa juu ya barua, karibu na namba, ni barua ya nusu-rasmi, ile ambayo maofisa waliandikiana kwa majina yao bila vyeo. Ukiiona ya aina hiyo, isome polepole. Mtu aliyejua kwamba barua yake haitanukuliwa rasmi alisema asichosema kwingine.

Folio zikiruka, tuseme kutoka 22 hadi 25, usidhani mara moja kuna mkono mbaya. Angalia madokezo ya tarehe hizo. Huenda karatasi zilihamishiwa jalada la siri lililokwenda sambamba na hili, na karani akaandika hivyo. Huenda ziliingizwa jalada jingine zilipobadilika mada. Mahali pasipo maelezo yoyote ndipo pa kutilia shaka.

Shaka hiyo ina msingi. Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisirithi karatasi ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, zingewaaibisha polisi, askari na watumishi wake au wapasha habari wao, zingefichua vyanzo vya ujasusi, au ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia vibaya. Majalada yalichambuliwa mafungu mawili: ya kurithishwa, na yale yaliyopigwa mhuri wa "Watch". Kenya haya ya pili yaliruhusiwa kushikwa na raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya tu. Yaliyochomwa yalitakiwa yawe majivu kabisa na majivu yavunjwevunjwe. Yaliyotupwa baharini yafungwe kwenye makreti yenye uzito, yazamishwe kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Mengine yalisafirishwa Uingereza. Kutoka Kenya peke yake yalikwenda majalada kama 1,500 katika maboksi 300.

Serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa wakati wa Mau Mau walipoishitaki mahakamani London. Yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo huko Uingereza, pamoja na ya makoloni mengine: majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37. Kesi iliishia kwenye malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, Juni 2013. Majalada yenyewe yalianza kufunguliwa kwa umma Aprili 2012 na sasa ni mfululizo wa FCO 141 pale Kew. Kama unatafuta Kenya, Tanganyika au Zanzibar ya miaka ya 1950 na hujapita FCO 141, hujamaliza kutafuta.

Turudi wilayani, kwenye taarifa za mwaka, maana ndizo zinazonukuliwa kuliko zote na ndizo zenye mitego mingi. Wa kwanza ni mwaka wenyewe. Katika miaka ya mwanzo mwaka wa serikali ulianza 1 Aprili ukaisha 31 Machi. Taarifa ya 1911–12 ikisema njaa ilikuja "mwishoni mwa mwaka", ni Februari au Machi 1912, si Desemba 1911. Baadaye wakahamia mwaka wa kalenda.

Wa pili ni idadi ya watu. Kenya haikuwahesabu Waafrika wote kwa sensa kamili hadi 1948. Takwimu za kabla ya hapo zilitoka kwenye kodi ya kibanda: karani alihesabu vibanda vilivyolipiwa, afisa akazidisha kwa idadi aliyokadiria kuwa wanaishi kwenye kibanda kimoja. Fanya hesabu mwenyewe. Vibanda 20,000 mara 3 ni watu 60,000. Akija D.C. mpya anayeamini kibanda kina watu 3.5, wilaya ile ile inakuwa na watu 70,000 bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Waliokimbilia porini siku ya kodi hawamo. Wakuu waliosamehewa kodi huenda hawamo. Kwa hiyo usiweke takwimu ya mwaka mmoja peke yake. Chukua miaka mitano mfululizo, tafuta idadi ya vibanda au ya walipa kodi iliyotajwa, ugawanye, uone kizidisho kilibadilika mwaka gani. Hapo ndipo utajua kama watu waliongezeka au ni afisa aliyebadilika. Tanganyika ilikuwa na hesabu za watu 1921, 1928 na 1931 kabla ya sensa ya 1948, lakini zile tatu za mwanzo zisisomwe kama sensa za leo.

Wa tatu ni fedha. Kenya ilitumia rupia hadi 1920, ikapita kwenye florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Rupia moja ilifanywa shilingi mbili, hivyo kodi ya rupia 5 na kodi ya shilingi 10 ni mzigo ule ule, ingawa kwenye jedwali inaonekana imepanda maradufu.

Wa nne ni uvivu. Afisa mwenye haraka alinakili aya za mtangulizi wake. Weka taarifa za miaka miwili pamoja: sentensi zinazolingana neno kwa neno si ushahidi wa miaka miwili, ni wa mmoja.

Kuliko taarifa ya mwaka, afadhali taarifa ya makabidhiano. D.C. alipohamishwa alimwandikia anayempokea mambo ya kweli: mkuu yupi anakunywa, yupi anakula kodi, kesi ipi isiguswe, nani ana maadui wangapi. Hazikukusudiwa kuchapishwa. Chuki binafsi imo, ila utaitambua kwa kulinganisha mbili za maofisa tofauti juu ya mtu yule yule. Kwa Kenya ongeza kumbukumbu za vikao vya Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoanza katikati ya miaka ya 1920. Humo Waafrika wenyewe wanasikika wakidai shule na barabara, ijapokuwa D.C. ndiye aliyekaa kiti cha mbele.

Tanganyika ina hazina nyingine, Vitabu vya Wilaya. Kila boma lilikuwa na kitabu kikubwa cha kujaziwa: orodha ya maofisa, mipaka, historia ya makabila, nasaba za machifu, mila za ndoa na urithi, mvua, njia. Viko Dar es Salaam, na mikrofilamu zake zimesambaa hadi vyuo vya nje. Watu wanavipenda kwa sababu humo ndimo wanamokuta jina la babu. Lakini angalia tarehe. Sehemu kubwa ya nasaba hizo ilikusanywa wakati Cameron alipoanzisha utawala wa kupitia machifu, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikawapa cheo, mahakama na mshahara. Maofisa walizunguka wakiuliza "chifu halali ni nani?" huku jibu likiwa na mshahara nyuma yake. Ukoo ulioshinda ndio ulioandikisha historia, na ulioshindwa uko kwenye majalada ya malalamiko, si kwenye kitabu. Angalia pia mwandiko na wino: maofisa wa baadaye waliongeza mistari pembeni bila sahihi wala tarehe, na msomaji asiyeona kurasa halisi, anayetegemea nakala iliyopigwa upya, atadhani yote ni ya siku moja.

Kwa karatasi za Wajerumani kazi inabadilika. Zilizoko Dar es Salaam zina namba zinazoanza na herufi G. Za Berlin, za Ofisi ya Makoloni, ni mfululizo wa R 1001 katika Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, na nyingi zinasomeka mtandaoni. Kujua Kijerumani hakutoshi. Zilizoandikwa kwa mkono ziko katika mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Anza na kurasa zilizopigwa taipu au kuchapwa, ujifunze majina ya watu na mahali, ndipo uende kwenye za mkono ukitafuta majina hayo hayo. Na tafuta kwa tahajia yao: Muansa, Udjidji, Bagamojo, Kilimandscharo, Daressalam. Ukiandika Mwanza kwenye katalogi hupati kitu. Mahali pengine jina lote ni jingine: Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Kisumu iliitwa Port Florence, Murang'a ikaitwa Fort Hall, na sehemu kubwa ya Pwani ya Kenya ilikuwa mkoa wa Seyidie. Fedha za Wajerumani pia zina tarehe ndani yake: rupia ikigawanywa kwa pesa 64 ni utaratibu wa zamani, ikigawanywa kwa heller 100 ni baada ya mabadiliko ya 1904–05. Hilo husaidia kukisia umri wa stakabadhi isiyo na tarehe.

Katika majalada ya Wajerumani, na ya Zanzibar na Pwani kwa jumla, zimo barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, za maliwali, majumbe na wafanyabiashara. Karibu kila moja imebandikiwa tafsiri, na watafiti wengi wanaishia kwenye tafsiri. Mkalimani wa boma alikata salamu, akakata hoja ndefu, akabakiza ombi. Mtafute mtu aliyezoea kusoma hati za zamani za pwani. Aliyesoma chuo cha Kurani tu akazoea msahafu wenye irabu zote atapata shida, kwa sababu waandishi wa barua waliacha irabu na wakati mwingine hata nukta.

Kuhusu kuingia: Tanzania Bara nyaraka ziko Upanga, Dar es Salaam, chini ya Sheria Na. 3 ya 2002. Zanzibar ziko Kilimani. Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Sheria ya Bara na ya Kenya hufungua majalada baada ya miaka 30, kwa hiyo umri si kikwazo tena kwa karatasi za kikoloni. Watafiti huombwa kibali cha tume ya sayansi: COSTECH Tanzania na NACOSTI Kenya. Kishughulikie kabla hujasafiri. Chukua penseli, kalamu ya wino haiingii. Usilambe kidole kufunua ukurasa, na usichomoe pini yenye kutu kwa nguvu, karatasi ya kaboni huchanika kama utando. Mwombe mhudumu.

Kabla ya kupiga picha yoyote, ikiwa imeruhusiwa, piga gamba la jalada kwanza, namba ionekane. Kisha kila picha ionyeshe kona yenye folio. Picha za simu zisizo na namba, ukizirudia baada ya miezi miwili, hazina tofauti na karatasi zilizookotwa.

Na kama unalotafuta ni la ardhi, mambo mawili. Pwani ya Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wayapeleke kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Jina la babu likikosekana kwenye rejista, linakuambia hakupeleka dai, au dai halikukubaliwa. Halikuambii kwamba hakuwa na shamba, kwa hiyo tafuta pia jalada la D.C. la miaka hiyo, mahali walipolalamika waliochelewa. La pili, picha ya simu haitakusaidia sana mbele ya hakimu. Omba ofisi ya nyaraka ikupe nakala iliyothibitishwa kwa mhuri na sahihi, na uitaje kwa namba kamili ya jalada, folio na tarehe. Nakala ya aya kutoka kitabu cha wilaya, hata ikiwa na mhuri, ni maelezo ya afisa juu ya alichoambiwa, na wakili wa upande wa pili atauliza nani alimwambia.